Hukumu ya deni imetoka dhidi yako: ufanye nini kabla dalali hajafika

Msikilizaji, deni lina hatua zake. Huanza na simu za kukumbushwa, kisha mtu anasimama mlangoni asubuhi na mapema, kisha inakuja samansi. Makala haya yanaanzia pale ambapo wengi hudhani mambo yamekwisha: mahakama imeshasema kwamba unadaiwa, na imetaja kiasi.

Kwingine duniani, na hata Dar es Salaam, watu hufikishwa hapo na kadi za mkopo za benki. Huku kwetu Katumba Songwe, Kajunjumele au Ipinda kadi hizo ni chache. Sisi tunafikishwa hapo na mkopo wa mbolea, mkopo wa kikundi, mkopo wa kwenye simu, na ule ambao Watanzania wameupa jina lake kabisa, kausha damu. Chanzo ni tofauti, lakini hukumu ya deni ikishatoka inamalizwa kwa njia zile zile.

Jambo kubwa tunalotaka ulishike ni hili. Hukumu ya deni humalizwa kwenye jalada la mahakama. Haimalizwi sokoni, wala kilabuni, wala kwa kumpa hela kijana wa pikipiki aliyetumwa na mkopeshaji. Watu wa kwetu wamewahi kulipa mara mbili kwa kutolijua hilo, na tutaeleza inakuwaje.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Alikopa shilingi 800,000 alime mpunga. Mto Songwe ukafurika, maji yakakaa shambani, akavuna magunia ya kula tu. Alirudisha 350,000, kisha akashindwa. Mkopeshaji akamshtaki katika mahakama ya mwanzo, akaandikiwa alipe 700,000 pamoja na gharama za kesi. Leo ni siku ya nne tangu hukumu isomwe, naye amejifungia ndani akisubiri gari la dalali. Afanye nini?

Kwanza, hukumu yenyewe

Anyanyuke aende mahakamani kuchukua nakala ya hukumu. Tunasema hivi kwa sababu watu wengi wanaogopa hukumu ambayo hawajawahi kuisoma. Wameambiwa tu na jirani, au na mkopeshaji mwenyewe, naye ana sababu zake za kuongeza chumvi. Nakala itakuonyesha namba ya shauri, mahakama iliyoamua, kiasi kamili, riba kama ipo, na kama ulipangiwa kulipa kwa mkupuo au kwa awamu. Bila namba ya shauri karani atapata tabu kukusaidia, basi iandike mahali pa kudumu, hata kwenye ukuta wa ndani wa kabati.

Angalia ni mahakama gani. Mahakama ya mwanzo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30, na lugha yake ni Kiswahili tangu zamani, kwa hiyo huna haja ya kumlipa mtu akutafsirie. Benki yenye mkopo mkubwa inaweza kwenda mahakama ya wilaya au juu zaidi, na huko utaratibu unaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai.

Kisha hesabu. Kiasi kilichoandikwa kwenye hukumu ndicho unachodaiwa. Mkopeshaji aliyekuwa akikuongezea faini ya kila siku hawezi kuendelea kuipiga baada ya hukumu kana kwamba hakuna kilichotokea. Riba ya baada ya hukumu ni ile tu iliyotamkwa na mahakama. Katika mahakama ya wilaya na zile za juu, riba ya kawaida baada ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka mpaka deni liishe. Linganisha hiyo na wale wanaotoza asilimia 20 au 30 kwa mwezi utaona tofauti.

Kama hukubaliani na hukumu

Hapa kuna njia mbili, na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ya yule ambaye hakuwepo. Pengine samansi ilipelekwa ukiwa Mbeya hospitali, au iliachwa kwa mtu ambaye hakukufikishia, shauri likasikilizwa upande mmoja. Mtu wa namna hiyo hurudi kwenye mahakama ile ile iliyotoa hukumu, anaomba hukumu iondolewe ili shauri lisikilizwe upya naye akiwepo. Lazima aeleze kwa nini hakufika, na aje na ushahidi: cheti cha hospitali, tiketi ya basi, barua ya mtendaji. Kusema tu "sikujua" hakumtoshi hakimu. Na aende siku ile ile aliyopata habari, kwa sababu maombi haya yana muda wake na kila siku ya kukaa kimya huidhoofisha sababu yake.

Njia ya pili ni ya yule aliyekuwepo, akasikilizwa, akashindwa, lakini anaona hakimu amekosea. Huyo hukata rufaa. Kutoka mahakama ya mwanzo rufaa huenda mahakama ya wilaya, ambayo kwetu iko Kyela mjini, na muda wake ni siku 30 tangu uamuzi utolewe. Siku hizo huhesabiwa pamoja na Jumapili, siku za msiba na siku za mafuriko. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu, na hapo kazi imekuwa mbili.

Mama wa mfano wetu je, ana hoja ya rufaa? Twende polepole. Tangu kanuni za mwaka 2019 zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wasiopokea amana, wale wa daraja la pili, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na riba yao haipaswi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 800,000 hiyo ni 28,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita, hata ukihesabu juu ya mkopo wote bila kupunguza alichokwisha kulipa, inakuwa 168,000. Jumla 968,000. Toa 350,000 aliyorudisha, inabaki 618,000. Yeye ameandikiwa 700,000. Tofauti hiyo ya 82,000 inaweza kuwa riba ya miezi iliyozidi, na inaweza kuwa faini isiyo halali. Kwa hiyo mkataba usomwe kabla hajaamua.

Angalizo moja ambalo linaumiza watu. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Ukishafungua rufaa, omba pia amri ya kuzuia utekelezaji mpaka rufaa isikilizwe. Kuna watu walikaa wametulia na karatasi ya rufaa mfukoni, wakashangaa kuona dalali anapakia cherehani.

Na hoja kwamba mkopeshaji hana leseni ipeleke kwa hakimu. Ukimwambia dalali mlangoni, hana mamlaka ya kuipima.

Kama unakubali kwamba unadaiwa

Wengi wetu tuko hapa. Deni ni la kweli, ila pesa haipo leo. Katika hali hii kosa kubwa kuliko yote ni kungoja. Mdai akiona kimya hupeleka maombi ya kukazia hukumu, dalali anateuliwa, na gharama za kukazia huongezwa juu ya deni lako. Mtu aliyekuwa akidaiwa 700,000 anajikuta akilipia na safari ya gari lililokuja kuchukua vitu vyake mwenyewe.

Nenda kabla. Omba mahakama ikupangie kulipa kwa awamu. Omba kwa maandishi, karatasi moja inatosha, ukitaja namba ya shauri na mambo matatu: unachopata, lini unakipata, na unaweza kutoa kiasi gani. Hapa mkulima wa Kyela ana jambo la kueleza ambalo hakimu analielewa. Kakao inauzwa kwa mnada kupitia AMCOS na malipo huja baada ya mnada. Mpunga una msimu wake. Mawese hutoa kidogo kidogo mwaka mzima. Mvuvi wa usipa anajua usiku wa mbalamwezi hakuna kitu. Ratiba inayofuata mapato yako ina nafasi ya kutimizwa. Ukiahidi 100,000 kila mwezi wakati pesa yako huja mara mbili kwa mwaka, utavunja ahadi mwezi wa pili, na hakimu akikuona umevunja, mara ya pili hatakusikiliza kwa moyo ule ule.

Mama wetu angeweza kuomba hivi: 50,000 kila mwezi kwa miezi minne kutokana na mawese, jumla 200,000, kisha 500,000 zilizobaki baada ya mavuno. Awe na kiasi cha kuanzia mkononi siku anayokwenda kuomba. Hata 50,000 hiyo ya kwanza husema mengi kuliko maneno.

Unaweza pia kuzungumza na mdai. Wakopeshaji wengi wanapenda kupata pesa mapema hata kama ni pungufu, kwa sababu nao wanajua mnada wa vitanda na redio hauleti kitu. Mkikubaliana kwamba ukilipa 550,000 kwa mkupuo deni limekwisha, vizuri. Lakini makubaliano hayo yaandikwe, yasainiwe na wote wawili, na yapelekwe mahakamani yaingie kwenye jalada.

Sasa tufike kwenye ile habari ya kulipa mara mbili. Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema malipo yaliyofanywa nje ya mahakama, kama hayakuthibitishwa na kuandikwa mahakamani, hayatambuliwi na mahakama inayokazia hukumu. Maana yake ni nzito. Ulimpa mkopeshaji 300,000 mkononi chini ya mwembe, mbele ya shemeji yako, na ni kweli ulimpa. Kama jalada halina habari hiyo, mahakama itakazia hukumu kana kwamba hukutoa kitu. Kwa hiyo lipa pale mahakamani, kwa utaratibu utakaoelekezwa na karani, na usiondoke bila risiti. Kama umelipa kwa simu, usifute ule ujumbe. Unakili pia kwenye daftari, namba ya muamala, tarehe na saa, maana simu huanguka ziwani. Kisha mwambie mdai mwende pamoja mkathibitishe. Akikataa, wewe mwenyewe unayo haki ya kuiarifu mahakama kwamba umelipa na kuomba mdai aitwe aeleze kwa nini malipo yasiandikwe. Fanya hivyo mapema, usingoje miezi.

Dalali akifika

Dalali wa mahakama ni mtu aliyeteuliwa kisheria. Kuna kanuni za mwaka 2017 zinazowaongoza madalali na wapeleka samansi, pamoja na nidhamu yao. Anakuja na hati ya mahakama yenye namba ya shauri, jina lako na kiasi. Omba kuiona na uisome. Mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ashuhudie. Andikeni orodha ya kila kinachochukuliwa, upate nakala iliyosainiwa. Usimpige wala kumfungia njia, maana hapo utakuwa umetengeneza kesi ya jinai juu ya kesi ya madai.

Mtu asiye na hati ya mahakama hana ruhusa ya kubeba kitu chako kwa jina la hukumu, hata akija na vijana wanne na sauti kubwa. Polisi nao si wakusanya madeni. Kushindwa kulipa mkopo ni jambo la madai. Linakuwa la jinai pale tu penye udanganyifu au kosa jingine.

Si kila kitu kinaweza kukamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake. Inakinga zana za fundi. Kwa mkulima inakinga zana za kilimo, na mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aweze kuendelea kuishi kwa kilimo. Inakinga pia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake, na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanategemea ardhi hiyo. Lakini usilale kwa kutegemea hayo. Kama nyumba au shamba uliliweka rehani kwa mkataba, hali inabadilika, na mkopeshaji anaweza kulifuata lile aliloahidiwa. Kwa rehani ya nyumba ya familia, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mke ambaye hakuridhia, au mume, aende mahakamani aseme, na aseme mapema.

Vitu vya mtu mwingine je? Baiskeli ya mdogo wako, friji ya dada yako aliyekuachia alipokwenda Tunduma? Mwenye mali mwenyewe hupeleka pingamizi kwenye mahakama iliyotoa amri, na risiti au mashahidi wa kuonyesha kwamba ni yake. Kupiga kelele siku ya mnada hakusaidii.

Pesa iliyoko benki, hata ile ya kakao iliyoingia jana, inaweza kuzuiwa kwa amri ya mahakama. Ndiyo maana ratiba ya awamu ni bora kuliko kujificha, kwa sababu ukishapangiwa na unailipa, mdai hana sababu ya kukukimbilia benki.

Kuhusu kufungwa. Kweli ipo sheria ya mfungwa wa madai, na mdai ndiye hulipia chakula chake gerezani. Ipo hasa kwa ajili ya mtu mwenye uwezo anayeficha mali au kukataa kulipa kwa makusudi. Aliyeishiwa kweli anayo nafasi ya kumweleza hakimu hali yake kabla ya amri kama hiyo. Na ukitoka gerezani deni bado lipo. Vivyo hivyo kwa wanaofikiri kuvuka Kasumulu na kukaa Karonga msimu mzima kutafuta kilichoandikwa. Hukumu chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaweza kukaziwa ndani ya miaka 12.

Mdhamini, kikundi na marehemu

Uliyemdhamini mwenzako kwenye kikundi unaweza kushtakiwa na kuhukumiwa kama yeye. Ukilipa, unayo haki ya kumdai uliyemlipia, kwa hiyo risiti ziwe kwa jina lako. Na mdaiwa akifariki, deni linafuata mali aliyoacha. Mtoto halipi deni la baba kwa mfuko wake mwenyewe zaidi ya kile alichorithi. Tunalisema hili kwa sababu kuna wakopeshaji wanaofika msibani kudai.

Pa kupata msaada

Anza na karani wa mahakama. Kueleza utaratibu ni sehemu ya kazi yake. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawapaswi kukutoza. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri wakuelekeze aliyeko karibu nawe. Malalamiko juu ya mkopeshaji mwenyewe, riba ya kupindukia, matusi, kutumia watu walioko kwenye simu yako kukuaibisha, yanapelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Malalamiko hayo hayafuti hukumu, kwa hiyo yaende sambamba na kazi ya mahakamani.

Ukimaliza shilingi ya mwisho, bado una safari moja. Rudi mahakamani, hakikisha jalada limeandikwa kwamba hukumu imetekelezwa yote, na uombe nakala yenye muhuri. Dai hati yako ya shamba, kadi ya pikipiki, kitambulisho cha NIDA au kadi ya benki kama mkopeshaji alivishikilia, na namba ya siri ya kadi hiyo ibadilishe siku hiyo hiyo. Kama mkopo ulikuwa wa benki, waambie wapeleke taarifa mpya kwa taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, ili msimu ujao jina lako lisionekane bado linadaiwa. Nakala ile yenye muhuri itunze pamoja na vyeti vya watoto.